Mtoto wa Mfinyanzi, Mjukuu wa Kuzimu

Mpwa wangu ana miaka 14. Mwezi uliopita alinikabidhi kaunta buku la kwaya mbili, lililofungwa kwa mpira wa nywele, akanisihi nisilifungue mpaka nifike kwangu. Nililifungua ndani ya daladala, kabla hata hatujavuka Ubungo. Ndani yake mlikuwa na hadithi ya msichana wa sekondari ambaye, akijitazama katika kioo cha kabati la mama yake wa kambo, anakigusa na kukiona kinalainika kama uji. Anatumbukia upande wa pili, kwenye nchi yenye theluji na minara mirefu, na huko mzee mwenye ndevu nyeupe anaitazama alama iliyo begani mwake, anapiga magoti na kumwambia kwamba yeye ndiye binti wa malkia aliyepotea na kwamba uchawi wa ukoo wake unamngoja vidoleni. Hayo yote yanakwisha katika kurasa tatu, na kuanzia ukurasa wa nne msichana anarusha moto.

Sikucheka, kwa maana kioo kinacholainika kama uji kilinipendeza sana, na laiti ningekifikiria mimi. Kilichonisumbua ni wepesi wa ule ufalme, ambao mtoto aliupata kama mtu anavyookota shilingi mia barabarani. Jumapili iliyofuata alipokuja, hata salamu hakuimaliza vizuri.

“Shikamoo mjomba. Umesoma?”

“Marahaba, mwanangu. Nimesoma. Huyu mzee wa ndevu alikuwa akimngoja mtoto tangu lini?”

Alinyamaza kidogo, kisha akajitetea kwamba hadithi zote za ulimwengu sambamba ndivyo zilivyo, kwamba lazima awepo mtu wa kumwambia mtoto yeye ni nani, vinginevyo mtoto angejuaje? Swali lake lilikuwa zuri kuliko langu. Kwa kuwa mezani kulikuwa na pakiti ya kahawa za kutafuna niliyoletewa kutoka Bukoba, nilimpa punje moja, nikamwambia aibanjue kwa meno bila kuitafuna, kisha anionyeshe alichokiona. Aliona ganda moja na, ndani yake, mbegu mbili zilizogusana matumbo. Nikamwambia kwamba hadithi ya mtoto wa kifalme ninayoijua mimi inaanzia hapo.

Hadithi yenyewe ni ya Bunyoro-Kitara, magharibi mwa Uganda, lakini sisi tuliozaliwa Kagera tumekulia kando yake, kwa sababu Wachwezi inaowazungumzia, ukoo wa wafalme wa kale, walifika hadi kwetu, kama mizimu kama si kama watu. Inasemekana kwamba zamani Kitara ilitawaliwa na Isaza, mfalme aliyependa ng'ombe kuliko kitu chochote chini ya jua. Chini ya nchi yake kulikuwa na nchi nyingine, kuzimu, yenye mfalme wake, mifugo yake na mabinti zake, na mfalme huyo aliitwa Nyamiyonga. Siku moja Nyamiyonga alituma ujumbe akitaka yeye na Isaza wachanjiane, wawe ndugu wa damu. Kuchanjiana katika nchi zile hufanywa kwa punje ya kahawa: kila mmoja hupaka damu yake kwenye mbegu moja na mwenzake huimeza, na kwa kuwa mbegu hizo mbili zilikaa katika ganda moja, tangu hapo hao wawili ni wa tumbo moja.

Isaza aliogopa, na washauri wake waliogopa zaidi. Kukataa kulikuwa ni matusi, na kukubali kulikuwa ni kujifunga na wafu, basi wakatafuta ujanja: Bukuku, bawabu wa mfalme, mtu wa kawaida asiye na ukoo wa kutajwa, ndiye aliyechanjiana na mjumbe wa kuzimu kwa niaba ya bwana wake. Nyamiyonga alipogundua kwamba amefungwa udugu na bawabu, hakutuma jeshi. Alimtuma binti yake, Nyamata, mzuri wa kupindukia, naye Isaza akamwoa bila kujua ametoka wapi. Nyamata alimbembeleza mumewe waende kwao akawaone wakwe, mume akakataa kata kata, kwa sababu asingeweza kulala hata usiku mmoja mbali na zizi lake. Hapo Nyamiyonga akaelewa udhaifu ulipo. Aliwatuma ng'ombe wawili wazuri ajabu, wakaokotwa karibu na zizi la mfalme, na walipokwisha kupendwa kuliko wote wakatoweka. Isaza alimwachia Bukuku mji, akawafuata kwa miguu, akawakuta kuzimu pamoja na mkewe, ambaye alikuwa amerudi kwao kujifungua. Alipokelewa vizuri, akakaribishwa, akakirimiwa, ila hakuruhusiwa kurudi tena.

Mpwa wangu alikuwa ameacha kutafuna. Alitaka kujua kama kuna mlango. Nilimwambia kwamba wasimulizi hawahangaiki sana na mlango, kwa sababu katika lugha zetu kuzimu ni mahali kama mjini au nyumbani. Mtu hushuka kuzimu kama anavyoshuka kisimani. Hili huwa nalifikiria mara kwa mara. Tunatafuta maneno mapya ya kutaja ulimwengu sambamba, nasi tuna kuzimu, tuna ujinini, majina yanayokubaliana na kitenzi kama majina ya mahali pengine popote: huko kuzimu kunakaliwa, huko ujinini kuna miji na masultani. Mnyoro naye husema okuzimu, na Mswahili hahitaji mkalimani ili amwelewe. Nchi jirani ya aina hiyo haikuhitaji kioo, na haikuwa na theluji.

Nyamata alizaa mtoto wa kiume, Isimbwa, na huyu, tofauti na baba yake, aliweza kupanda na kushuka apendavyo, kwa kuwa alikuwa na haki ya uzawa pande zote mbili. Siku moja, akiwinda, alifika mjini kwa Bukuku. Yule bawabu alikuwa bado anakalia nafasi ya bwana wake, watu wakinung'unika kwamba hana haki lakini wakikosa wa kumweka badala yake. Bukuku alikuwa na binti, na waganga walimwonya tangu mwanzo kwamba mtoto atakayezaliwa na binti huyo ni wa kuogopwa. Kwa hiyo akamfungia katika ua usio na njia ila kupitia nyumba yake mwenyewe yenye walinzi. Wapo wasimulizi wanaosema alimtoboa na jicho, ili asitamaniwe na mwanamume. Binti aliitwa Nyinamwiru, na kwa anayejua lugha za ukanda wetu jina hilo lina kejeli yake: nyina ni mama, na mwiru ni mtu wa kawaida, asiye wa kifalme. Mama wa Kabwela ndiye aliyepangiwa kumzaa mfalme.

Isimbwa alipata njia ya kuingia, kwa msaada wa kijakazi. Alikaa humo miezi mitatu bila Bukuku kujua, kisha akaenda zake na kutoonekana tena kwa miaka mingi. (Mpwa wangu alifyonya hapa, na sikumkemea.) Mtoto alipozaliwa, babu yake aliamuru atupwe mtoni. Alitupwa kweli, lakini kitovu chake kilinasa kwenye kichaka cha ukingoni, na mfinyanzi aliyeitwa Rubumbi akamkuta ananing'inia, akamchukua na kumlea kama mwanawe. Nyinamwiru alipata habari kwamba mtoto yu hai, akanyamaza. Bukuku alidhani amekufa, akastarehe.

Nisimame kidogo kwa huyu mfinyanzi, ambaye wasimulizi wengi humpita mbio. Jina lake linatokana na kitenzi kinachopatikana katika lugha nyingi za Kibantu, kubumba, yaani kufinyanga udongo. Kwa Kiswahili sauti ya kwanza imeanguka, tukabaki na kuumba, na kutoka hapo tumemwita Mungu Muumba. Mtoto naye alipewa jina la nyumba iliyomlea, akaitwa Karubumbi, kamtoto ka mfinyanzi, na hilo ndilo jina alilokua nalo, aliloitikia alipoitwa kula na alipoitwa kuchapwa. Katika hadithi za kioo na theluji, wazazi walezi kwa kawaida ni watu wabaya, au wajinga, au wanakufa ukurasa wa pili ili wasitie kiwingu. Rubumbi hana hatia yoyote. Alikuwa na vyungu vyake na ng'ombe wachache, na kosa lake pekee, kama ni kosa, ni kwamba alilea kijana jeuri.

Ujeuri wenyewe ulionekana kwenye hori. Kila siku mifugo ya mfalme ndiyo iliyotangulia kunywa, na watu wengine wote walisubiri na ng'ombe wao kwenye jua kali. Karubumbi hakusubiri. Aliwaswaga ng'ombe wa mfinyanzi mbele ya ng'ombe wa mfalme, akagombana na wachungaji wa ikulu, akapigana nao, na kesho yake akarudia. Malalamiko yalimfikia Bukuku, na siku moja akaamua kuja mwenyewe amwadhibu huyo kijana. Kigoda chake kikawekwa kando ya hori, akaketi, akatoa amri kijana akamatwe na kupigwa. Kabla hajaguswa, Karubumbi alizunguka nyuma ya kigoda, akamchoma Bukuku mkuki, mzee akaanguka, naye kijana akakikalia kigoda.

“Kwa hiyo alijua?” mpwa wangu aliuliza.

Hapo ndipo nilipotaka afike. Katika simulizi kama ninavyoijua mimi, hakuna aliyemwambia. Hakuna alama begani, hakuna mzee wa ndevu. Aliketi kwenye kigoda cha babu yake mzaa baba bila kujua ni cha nani, baada ya kumuua babu yake mzaa mama bila kujua kuwa ni babu, na sababu aliyokuwa nayo kichwani ilikuwa ni zamu ya maji. Wachungaji waliotimka mbio walikwenda kwa Nyinamwiru, mtu pekee aliyekuwa na hadithi nzima. Simulizi inasema alifurahi na kuhuzunika kwa pamoja: mwanawe ametawala, baba yake ameuawa. Ukiniuliza mimi, moyo wa kisa kizima uko kwa huyu mwanamke aliyefungiwa uani, anayepokea habari mbili kutoka kinywa kimoja na kushindwa kuzitenganisha. Mimi ningetoa kurasa zote za moto wa vidoleni ili nipate ukurasa mmoja wa Nyinamwiru akisikiliza.

Kuanzia siku hiyo Karubumbi anaitwa Ndahura, mfalme wa kwanza wa Wachwezi, na uchawi tunaouulizia unakuja baadaye, tena kwa wingi: nchi inapanuka, miujiza inatendeka, na baada ya tawala chache, ya mwisho ikiwa ya mwanawe Wamara, Wachwezi wanaondoka na kutoonekana tena, ila kama mizimu inayopanda watu vichwani. Kwetu Kagera Wamara ndiye anayeshuka kuzimu, kwa Kintu, ambaye katika masimulizi yetu ndiye mtawala wa huko. Anakirimiwa, anapewa ng'ombe na mbegu, anaahidi kurudisha fadhila, anasahau, na Kintu anamtuma Rufu, yaani Mauti, aje kudai. Bibi yangu alipenda sana sehemu hiyo ya kusahau. Alikuwa akiisimulia huku akiwatazama wajomba zangu waliokopa.

Mpwa wangu alipokwenda zake nilibaki na jambo ambalo sikumwambia siku ile, kwa kuhofia kumharibia ladha. Hadithi ya mrithi aliyefichwa karibu kila mara husimuliwa na aliyekwisha kukaa kitini. Wachwezi walifuatiwa na Wabito, watu waliotoka kaskazini, upande wa Waluo, na wafalme wa Bunyoro hadi leo ni Wabito. Simulizi inaeleza kwamba hao nao hawakuwa wageni: Kyomya, mwana mwingine wa Isimbwa, aliwahi kuwinda kaskazini ya Nile na kuzaa huko na mwanamke wa Kilango, na miongoni mwa watoto hao alikuwamo Rukidi Mpuga, ambaye wajumbe walimfuata aje kukitwaa kiti cha ukoo wake. Alifika, tunaambiwa, bila kujua ufugaji wala kunywa maziwa kama wafalme wanavyokunywa, ikabidi afundishwe adabu za nchi aliyosemekana kuirithi. Mwanaanthropolojia John Beattie, aliyeishi Bunyoro miaka ya 1950, alionyesha kwamba mtindo huu wa kusimulia unaunganisha koo tatu za kifalme, Watembuzi wa Isaza, Wachwezi na Wabito, ziwe uzi mmoja usiokatika, na kwamba mwenye faida kubwa katika kuunganisha huko ni yule wa mwisho. Kila mahali uzi unapoelekea kukatika, anatokea mtoto aliyezaliwa mafichoni. Ni hati ya kumiliki, iliyoandikwa kwa mimba.

Na walioiandika kwa wino hawakuwa mbali na kiti. Kati ya mwaka 1935 na 1937 jarida la Uganda Journal lilichapisha orodha na habari za wafalme wa Bunyoro-Kitara zilizotiwa sahihi ya herufi mbili tu, K.W., na mwenye herufi hizo alikuwa Omukama, yaani mfalme, Tito Winyi mwenyewe, aliyetawala tangu 1924, mwana wa Kabalega ambaye Waingereza walimkamata mwaka 1899 na kumpeleka Shelisheli. Waingereza walikuwa wamewapa Baganda sehemu kubwa ya ardhi ya Bunyoro kama ahsante ya kusaidia kumpiga Kabalega, na katika ardhi hiyo kulikuwamo mlima wa Mubende, ambao watu wanauhesabu kuwa makao ya Ndahura. Mfalme aliyenyang'anywa mlima wa babu yake ana sababu ya kuandika, kwa makini na kwa mpangilio, babu huyo ni nani. Kaunti mbili, Buyaga na Bugangaizi, zilirudi Bunyoro kwa kura ya maoni ya mwaka 1964. Mubende haikurudi.

Nilipita huko miaka kadhaa iliyopita, nikitokea Mutukula, mpakani. Juu ya mlima kuna mti mkubwa uitwao Nakayima, kwa jina la kuhani mwanamke aliyekuwa kinywa cha Ndahura. Mizizi yake imesimama juu ya ardhi kama kuta, na kati ya ukuta na ukuta kuna nafasi kama vyumba, kila kimoja na mwenyewe asiyeonekana. Nilichuchumaa mbele ya kimojawapo. Palikuwa na sarafu, majani makavu yaliyotandikwa na punje za kahawa, nyingine nyeusi kwa uzee, nyingine zikionekana zimewekwa asubuhi ile. Ndahura anahesabiwa kuwa mzimu wa ndui, na ndui ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 1980, lakini hilo halijamwachisha mtu kumpelekea kahawa. Mama mmoja aliyekuwa karibu yangu aliweka punje tatu, akanong'ona kitu kirefu, akajipangusa magoti na kuondoka bila kutazama nyuma.

Kwa hiyo nina maoni mawili yanayovutana, nami nimeyaacha yavutane. Najua kisa hiki kilitengenezwa ili kuhalalisha watawala, na ukikisoma kwa jicho hilo hata Bukuku anaanza kukuhurumisha, bawabu aliyesukumwa mbele kula kiapo ambacho bwana wake alikiogopa, akaachiwa nchi asiyoiomba, na kisha akahukumiwa kwa kuwa si wa damu. Hata hivyo kisa hakikumfuta mfinyanzi. Wasimulizi wa ikulu, waliokuwa na kila sababu ya kumlea mrithi wao kwa simba au kwa malaika, walimpeleka kwenye nyumba ya watu wenye udongo kwenye kucha, wakamwachia na jina la hiyo nyumba. Sijui mtungaji gani wa leo mwenye ujasiri huo.

Juma lililopita kaunta buku lilirudi. Kioo kimebaki, nami nilifurahi, ila sasa ni kipande kilichovunjika ambacho mama mfinyanzi anakitumia kusugulia vyungu vyake ving'ae. Theluji imeondoka. Msichana ana miaka 14 na anagombana na watu kwenye foleni ya bomba la maji, ukurasa baada ya ukurasa, kwa maneno ambayo nashuku ameyachukua kwenye foleni halisi. Hajui yeye ni nani, na kufikia ukurasa wa 31 bado hakuna aliyemwambia. Pembeni, kwa penseli, kuna swali aliloniandikia: chungu kikiwa kibichi kinabebwaje bila kuacha alama za vidole, na kinachomwa kwa muda gani?

Mimi sijui. Nimempigia shangazi yangu, ambaye mama yake alikuwa mfinyanzi, naye amesema hilo haliwezi kuelezwa kwenye simu, mtoto aletwe likizo.